Namna ya kutafuta nkambo mwenye balifungia ku nyumba ya bawazimu Bulaya, kama weye uko huku Lubumbashi

Karatasi yenye ilinifungua macho haikutoka ku hospitali. Ilikuwa akte ya ndoa ya 1904, ya dada mukubwa ya nkambo yangu, mu komini moja ndogo ya Ubelgiji, niliifungua ku telefone saa tano ya usiku juu njo saa koneksio inakuwa nyepesi kidogo hapa Lubumbashi. Nilikuwa natafuta kintu moja tu, tarehe ya kufa ya mama yabo. Shiye wote tulikomaa na hadisi moja, kwamba nkambo, ule muzungu mwenye alikuja Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mu 1912 juu ya kazi ya shemedefer, alikuwa yatima ya mama tangu utoto. Sasa akte inasema bibi-arusi eko na myaka 20, baba yake eko pale na anakubali, kisha inakuja jina ya mama, jina nzima na kazi yake, na neno "décédée", amekufa, halipo. Fasi yake kuko hii: "dans l'impossibilité de manifester sa volonté". Ni kusema, hawezi kutoa neno lake.

Nilisoma ule mustari mara ine, tano. Mama hakukuwa amekufa mu 1904. Alikuwa muzima, fasi fulani, na leta ilijua ni wapi.

Ile maneno haikuandikwa kwa huruma ao kwa haya, ni sheria. Code civil, kitabu ya sheria ya wakati ule, artikle 149, ilisema kama muzazi moja amekufa ao hawezi kutoa neno lake, ruhusa ya ule mwingine inatosha juu ya mutoto kuoa ao kuolewa. Basi karani alipaswa kuandika juu ya nini mama hakusaini. Na njo kusema, kama unatafuta muntu mwenye balimufungia ku nyumba ya bawazimu mu karne ya 19, usianze na kumutafuta yeye. Tafuta bandugu yake, batoto yake, bwana yake, na uangalie fasi gani saini yake inakosa. Kisha tafuta nani alikuwa analipa. Hii mambo mbili, saini na feza, njo zilinipeleka mpaka ku mulango, na njo nitakufasiria hapa.

Naandika hii hasa juu ya familia za bametisi, za hapa, za Likasi, Kolwezi, Kalemie, tena Bukavu na Goma, zenye ziko na nkambo muzungu na hazijue kwabo ni wapi, lakini kama weye si metisi na uko na sababu ingine njia ni ile ile.

Anza hapa nyumbani, na uulize polepole

Ukienda kwa muzee na kumuuliza "kwetu kulikuwa muntu wa kichaa?" atafunga kinywa, na ana haki, juu hapa kwetu familia yenye inasemwa iko na wazimu mu damu batoto yake banakosa ndoa. Uliza vingine. Uliza nani alikuwa anaenda kuona nani, nani hakukuwa mu foto, nani jina yake halikupewa mutoto hata moja. Na usikilize maneno yenye inafunika. Kwetu tante yangu, mwenye eko na myaka 91, siku zote alisema mama ya baba yake "alienda kukaa kwa bamasere". Miaka yote hiyo nilifikiri alikuwa mutawa, na sikujiuliza mama ya batoto ine anaweza kuwa mutawa namna gani! Kumbe Ubelgiji ya wakati ule nyumba mingi za bagonjwa ya akili zilikuwa mu mikono ya mashirika ya kanisa, bamama ku bamasere, babana-ume ku bafrère. Tante alikuwa anasema ukweli tupu, maneno yake alipokea kwa baba yake vile vile, na hakuna mwenye alimuuliza zaidi.

Kitu unatafuta ku hii sehemu ya kwanza ni jina moja tu: komini fasi muzungu yenu alizaliwa. Bila komini hutafika fasi yoyote, juu Ubelgiji yote inapanga karatasi zake kwa komini. Miye niliipata mu kitabu ya ubatizo ya papa yangu, 1926, padri aliandika pembeni kwa penseli jina ya baba na fasi alitoka. Bapadri ya Benedictine balifika Katanga mu 1910, ba-Salésien mu 1911, na bale bapadri balikuwa baandishi ya nguvu, kwa hiyo enda ku parokia ya zamani na uombe kwa heshima kuona ukurasa wenyewe, usikubali tu kopi ya leo yenye bananakili, juu mwenye kunakili anaacha ile ya pembeni.

Kama parokia haina kitu, uliza muzungu alifanya kazi gani. Kama alikuwa muntu ya leta, dosie yake iko mu zile banaita SPA, ni kusema Service du Personnel d'Afrique, na arshive za koloni sasa ziko mu mikono ya Archives de l'État, ni kusema arshive za leta ya Ubelgiji, ku Brussels. Kama alikuwa Union Minière, ile kampuni yenye ilianza 1906 na mu 1967 ikakuwa ya leta yetu, arshive zake za Ubelgiji nazo ziliwekwa kwa Archives de l'État. Na kama papa ao mama yenu ni kati ya bametisi benye balinyanganywa ku bamama na kupelekwa ku misioni, ujue kwamba bunge ya Ubelgiji ilipitisha azimio mu 2018, waziri wa kwanza wao aliomba musamaha mbele ya bunge tarehe 4 mwezi wa ine 2019, na tangu pale Archives de l'État iliweka bantu ya kutafuta dosie za bametisi. Baandikie. Mu kuandika tumia majina ya zamani, Elisabethville, Jadotville (Likasi), Costermansville (Bukavu), juu dosie zinajua ile tu.

Sasa vitabu ya komini

Ukiisha pata komini, kazi inakuwa nyepesi kuliko unafikiri, na mingi ni bure. Ubelgiji inaandika kuzaliwa, ndoa na kufa tangu 1796 hivi, wakati ilikuwa chini ya Ufaransa. Sheria ya leo inafungua akte ya kuzaliwa baada ya myaka 100, ndoa 75, kufa 50, basi karne ya 19 yote iko wazi. Picha za vitabu ziko ku tovuti ya Archives de l'État, unafungua konti bila kulipa, na ku FamilySearch, bure pia. Geneanet nayo inasaidia juu kuko bantu bamesha kuandika majina.

Juu ya mega: usifungue kitabu nzima ukurasa kwa ukurasa. Kuko "tables décennales", ni orodha ya majina kwa kila myaka kumi kwa alfabeti. Fungua ile kwanza, andika tarehe, kisha enda moja kwa moja ku ukurasa wa akte, uichukue, ufunge. Na uweke jina ya faili vizuri saa ile ile, komini, mwaka, namba ya akte, juu ukiisha kuwa na picha makumi nane zenye zinaitwa "image" utalia.

Panga akte za watu wote ya ile nyumba: ndoa ya bazazi, kuzaliwa ya kila mutoto, ndoa ya kila mutoto. Halafu soma polepole nani eko na nani hayuko. Kuzaliwa kwa mutoto wa mwisho kuko na maana sana, juu kulikuwa bamama benye balifungiwa baada ya kuzaa. Ndoa za batoto nazo nimesha kusema. Tena uangalie rejista ya wakaaji. Ile ni kitabu komini ilikuwa inashika nyumba kwa nyumba, ilianza mu hesabu ya 1846 na ikaandikwa upya kufuata hesabu zingine, 1856, 1866, 1880, 1890, 1900, 1910. Mu kila ukurasa kuko familia nzima, na kuko safu ya mwisho ya maneno ya ziada, njo fasi banaandika muntu alitoka siku gani na alienda wapi. Yetu, ya 1890, iko na jina ya mama na mustari mwembamba juu yake, na pembeni jina ya muji ingine na mwezi wa tisa 1893. Hakuna sababu. Bwana yake na batoto habakutoka.

Muke anatoka peke yake, bwana na batoto banabaki, muji yenye anaenda iko na nyumba ya bagonjwa ya akili: ukiona ile, uko karibu.

Akte ya kufa iko fasi mbili

Hii sikuambiwa na mutu, niliijua baada ya miezi. Muntu akifia mu hospitali ao mu nyumba ya bagonjwa, akte inaandikwa mu komini ya ile hospitali. Lakini Code civil, artikle 80, ilisema karani ya pale atume kopi ku komini fasi marehemu alikuwa anakaa zamani, na ile komini iiandike mu kitabu yake. Basi hata kama hujue alifia wapi, unaweza kumukuta nyumbani kwabo, mara nyingi ku mwisho wa kitabu ya mwaka, kati ya akte zenye zilitoka fasi zingine. Bantu banafika ku tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili banafunga. Endelea mbele.

Yetu niliikuta pale, mu kitabu ya 1911. Inasema alikufa saa kumi ya asubui, myaka 51, bibi ya fulani, "mu nyumba" ya barabara fulani. Neno "asile", nyumba ya bawazimu, haliko. Benye balienda kutoa habari ku komini ni babwana mbili, na hakuna hata moja mwenye alikuwa ndugu yake. Sasa fanya hivi: fungua akte zingine za ile komini, mwezi ule ule, mwaka ule ule. Kama unaona ile barabara inarudi, ile nyumba inarudi, bale babwana mbili banarudi kusaini juu ya marehemu ya kila upande wa inchi, basi ile haiko nyumba ya muntu. Nilihesabu majina yabo mara kumi na tisa mu kitabu ya mwaka moja.

Neno lenyewe ni "colloquée"

Ukiandika ku mashini ya kutafuta "internée" ao "folle" hutapata kitu. Ku Ubelgiji neno la ofisi la kufungia muntu ku nyumba ya bawazimu ni "collocation", na muntu ni "colloqué". Ku Flandre, upande ya Kiflama, utaona pia "krankzinnig" (mwenye wazimu) na "gesticht" (nyumba ya kufungia). Na "aliéné", mugonjwa wa akili, fasi yote. Ujue tena kwamba hata ku Flandre karatasi mingi za ofisi za wakati ule ziliandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo shiye benye tulisoma Kifaransa tuko na bahati.

Sheria yenye ilisimamia mambo yote ni ya tarehe 18 mwezi wa sita 1850, ikarekebishwa mu 1873, na ilibaki kutumika mpaka ingine ilikuja mu 1990. Ni muzuri kuijua juu ile sheria njo ilizaa karatasi zenye unatafuta. Muntu hakuweza kupokelewa bila maombi ya maandishi na cheti ya munganga mwenye hakukuwa wa ile nyumba, na cheti isipite siku 15. Maombi yaliweza kutoka kwa familia, lakini burgumestri wa komini alipaswa kutia saini. Akiisha kuingia, nyumba inamuandika mu rejista, munganga anamuona kila siku ya zile tano za kwanza na anaandika vile ameona, na kopi inaenda kwa prokireri wa mufalme. Viongozi balipashwa habari, gavana wa provinsi, jaji de paix, burgumestri. Kisha kulikuwa ziara, prokireri kila miezi tatu, burgumestri kila miezi sita, gavana kila mwaka.

Juu ya nini nakuhesabia hii yote? Juu nyumba nyingi za zamani zilipoteza vitabu zabo, moto, vita mbili, maji, kuhama. Mutu anaandikia hospitali, anajibiwa hatuna kitu, anaacha. Lakini ile kitabu haikukuwa peke yake. Burgumestri ya kwabo alisaini, gavana alipata barua, prokireri alipata kopi. Kwa hiyo kama hospitali inasema hapana, andikia Archives de l'État ya ile provinsi na uulize juu ya karatasi za gavana na za tribinali, halafu andikia komini ya kuzaliwa uulize barua za burgumestri kuhusu "aliénés".

Na feza. Kama familia ilikuwa na mali, inalipa yenyewe. Kama ni maskini, na benye balifungiwa wengi balikuwa maskini, komini yenye ilikuwa na daraka juu yake, banaita "domicile de secours", inapaswa kulipa kila siku yenye anakaa pale. Komini zilichukia hii sana. Zilibishana kwa myaka, huyu si wetu, alizaliwa kwenu, hapana alikaa kwenu, na kila mabishano ni barua, na mu ile barua banaandika maisha nzima ya muntu, alizaliwa wapi, alifanya kazi kwa nani, aliolewa lini, alianza kugonjwa namna gani. Mu hizi zote njo dosie yenye inasema mingi kuliko zingine. Iko mu arshive za komini, ao za CPAS, ile ofisi ya msaada kwa maskini, ku Flandre banaita OCMW. Yetu iko na barua kumi na moja. Mu moja, ya 1895, bwana yake anaomba komini ipunguze deni juu eko na batoto na anashona viatu usiku. Aliandika mwenyewe, maandishi ya muntu mwenye hakuzoea kalamu. Sijaona barua ingine ya mukono yake.

Kuko njia tatu zingine nitazitaja mbio mbio. Kama mugonjwa alikuwa na shamba ao nyumba, tafuta "interdiction" ku tribinali, juu jaji njo alimunyima haki ya kusaini na akamuwekea mulinzi wa mali. Kama hakutoka nyumbani kabisa, sheria ilikubali familia imufungie ndani kama banganga mbili banashuhudia, moja wa familia na moja mwenye jaji de paix alichagua, na jaji alipaswa kuja kumuona, basi tafuta ku justice de paix. Na kama bwana alioa bibi mwingine, akte ya ile ndoa itasema wa kwanza alikufa lini na wapi.

Nyumba gani

Zilikuwa mingi, lakini kuko zenye zinarudi. Ku Gand (Gent), Bafrère de la Charité, shirika yenye padri Petrus Jozef Triest alianzisha mu 1807, balikuwa na babana-ume tangu 1815, na munganga Joseph Guislain, 1797 mpaka 1860, alikazana mpaka bakajenga hospitali mupya yenye ilifunguliwa mu 1857. Leo kuko muzeo mule. Bamasere wa Triest walikuwa na nyumba za bamama. Leta yenyewe ilikuwa na nyumba ku Mons juu ya bamama na ku Tournai juu ya babana-ume. Na kuko Geel, iko fasi ya pekee: tangu zamani, juu ya mutakatifu Dymphna, bagonjwa banakaa mu nyumba za bakulima, banakula nao, banalima nao, mu 1938 balifika 3736. Mu 1884 balifungua koloni ya namna ile ku Lierneux juu ya bantu ya lugha ya Kifaransa. Kama wako alikuwa Geel ao Lierneux, usitafute kuta na chuma, tafuta jina ya familia yenye ilimupokea.

Nasema hii ya Guislain kwa sababu. Hapa Lubumbashi kituo ya bagonjwa ya akili ya Bafrère de la Charité iko na jina yake, Joseph Guislain, na bantu mingi banapeleka ndugu yao pale bila kujua jina ni ya nani. Bukavu, kituo ya bagonjwa ya akili Sosame nayo ni ya ile shirika. Wakati niliona jina moja ku karatasi ya Gand na ku lango ya huku kwetu, nilikaa kimya kidogo, juu shangazi yangu upande wa mama alitibiwa pale na akarudi nyumbani.

Barua

Andika fupi. Sema weye ni nani, chora mulolongo wa kizazi, mutoto wa fulani mwenye ni mutoto wa fulani, na uweke kopi ya akte ya kila ngazi, juu banaomba ushahidi wa undugu na ni haki yabo kuomba. Toa jina, tarehe ya kuzaliwa, komini, jina ya bwana ao bazazi. Bamama balikuwa banaandikwa kwa jina ya bazazi yabo hata bakiisha kuolewa, kwa hiyo tafuta ile. Uliza kintu moja kwa barua moja. Ku Flandre andika kwa Kifaransa lakini tia chini mistari miwili ya Kiflama, kuko programu za kutafsiri, itawafurahisha na banajibu mbio.

Na uhakikishe kila kitu banakutumia. Ofisi moja ilinitumia ukurasa wa mwanamuke mwenye jina moja na mama ya nkambo yangu, mwaka moja tofauti ya kuzaliwa, nilishamulilia wiki mbili nikamuandika na mu muti wa familia, kumbe ni mwingine kabisa, wa kijiji ya jirani. Jina halitoshe. Tarehe ya kuzaliwa na jina ya bwana, vyote mbili, ao ukatae. Ule mwanamuke mwingine nilimutoa mu muti, lakini ukurasa wake sikuutupa, labda mutu wake atamutafuta siku moja.

Ukifika ku maneno ya munganga

Soma na moyo tayari. "Mélancolie", "lypémanie", "manie", "démence", "imbécile", "idiot", haya ilikuwa majina ya ofisi, zingine leo ni matusi. Usizitafsiri moja kwa moja ku familia. Bagonjwa wa kifafa balifungiwa na bawazimu, mu rejista ni "épilepsie" tu. "Folie puerpérale" ni ugonjwa wa akili wenye unakuja baada ya kuzaa, leo unatibiwa na mama anarudi kwa mutoto wake. "Paralysie générale" ilikuwa inaua babana-ume wengi, na mu 1913 Noguchi na Moore balionyesha mududu wa kaswende mu bongo ya bale benye balikufa, basi ukiikuta fikiri mara mbili unamwambia nani mbele ya nani. Kuko pia safu ya sababu, na pale utaona "hérédité" (urithi wa damu), "chagrins domestiques" (huzuni za nyumbani), "boisson" (pombe). Nyingi ni kile familia ilisema siku ya kuingia, munganga alisikia akaandika. "Hérédité" mu ile kitabu haiko hukumu juu ya batoto yako. Niliifasiria binamu yangu hivyo mara tatu, juu alikuwa na binti wa kuolewa na alitaka nichome karatasi zote.

Ya kwetu ni mustari moja mu rejista, mukono wa haraka, wino imekuwa kahawia. Namba, jina, myaka 33, mushonaji, batoto ine, ameingia mwezi wa tisa 1893. Ku safu ya sababu: "couches". Kuzaa. Chini ya zile siku tano munganga aliandika siku ya kwanza halali, siku ya pili anauliza mutoto, siku ya tatu anauliza mutoto, siku ya ine amenyamaza, siku ya tano amenyamaza. Halafu kwa myaka 18 kuko maneno machache, "même état", "même état", hali ile ile, mara moja "coud bien", anashona vizuri.

Nilipeleka kopi kwa tante. Aliomba nimusomee siku tano kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, akaomba tena ya tatu. Kisha aliniuliza mutoto gani, juu baba yake alikuwa na myaka sita wakati ule, hakuwa wa kunyonya. Ni kweli. Akte ya kuzaliwa ya mutoto wa ine niko nayo, mwezi wa sita 1893, kijana. Mu rejista ya 1900 hayuko nyumbani, mu vitabu ya kufa ya ile komini nimetafuta mpaka 1901 sijamuona, mu safu ya pembeni habakuandika kitu. Pengine balimupa ku mama wa kunyonyesha mu komini ya jirani, ilikuwa kawaida yabo. Komini za jirani ni saba. Nimeshamaliza mbili.